Sanduku la Taa Namba Kumi na Saba

Saa moja asubuhi Demissew alikuwa juu ya ngazi, anampangusa mama yake uso.

Alitumia kitambaa laini na maji matupu, kwa sababu sabuni huacha michirizi ambayo huioni mpaka taa ziwake nyuma yake. Alianza na paji la uso, akashuka shavuni, akafika kwenye mkono ulioshika jebena, birika la udongo la kahawa, akaifuata kahawa inavyomiminika hadi kikombeni. Kwa miezi minne aliifanya kazi hiyo kila Jumapili, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Tangu mazishi, siku kumi na mbili zilizopita, aliifanya kila siku, na hakuna mtu katika ukumbi wa mizigo wa uwanja wa ndege aliyemuuliza kwa nini.

Leo kidevu kilikuwa kinamwasha. Jana jioni kinyozi alimnyoa ndevu za msiba, ambazo mtoto wa kiume hazigusi kabla ya siku arobaini. Alikubali kunyolewa kwa sababu ndege ya dada yake, Emebet, ingetua saa nne, na Emebet hakujua kwamba mama amekufa.

Mtu aliye mbali hapewi habari ya namna hiyo kwenye simu. Akilia kule, atalia na nani? Anasubiriwa mpaka afike, ale, alale. Alfajiri, kabla hajanawa uso, wakubwa wa ukoo wanamwendea pamoja, wakiwa wengi wa kutosha kumshika. Hivyo ndivyo Demissew mwenyewe alivyoambiwa habari za baba yao, miaka kumi na minane nyuma, alipokuwa anafanya kazi Dire Dawa. Aliamka akakuta wanaume tisa wamesimama mlangoni na kofia mikononi. Mpaka leo anawakumbuka wote tisa kwa majina, na anawashukuru.

Mjomba wao, Gashe Wubshet (Gashe ni jina la heshima kwa mwanamume mkubwa), ndiye aliyepanga kila kitu. Nguo nyeusi zote ziliingizwa kabatini. Wapokeaji wangekuwa saba, si zaidi, na wote watabasamu. Kwa kuwa simu ya Emebet ililia kila jioni ikimuuliza mama, aliambiwa mama amekwenda kwenye maji ya baraka kule mlima Entoto, kutibu magoti, na huko simu haziruhusiwi. Emebet aliamini. Mama na magoti yake, nani asingeamini?

Kilichobaki ni sanduku namba kumi na saba.

Lilikuwa limefungwa ukutani mbele ya mkanda wa tatu wa mizigo, upana mita nne, kimo mita mbili. Fremu yake ya alumini ilishika kitambaa kilichochapishwa, na nyuma ya kitambaa zilipangwa taa ndogo ndogo mia saba na ishirini. Demissew alizijua kwa hesabu kwa sababu alizifunga mwenyewe. Zamani, kabla ya uwanja wa ndege, alichora vichwa vya watu kwenye kuta za vinyozi wa soko la Merkato. Siku hizi alibandika nyuso alizochora mwingine. Kazi ilikuwa safi zaidi, lakini dole gumba lake la kulia liliota sugu nene kwa kukandamiza ule mpira wa ukingoni mwa kitambaa uingie kwenye mfereji wa fremu, pembe nne kwanza, halafu katikati, halafu kokote kuliko na mkunjo.

Mama aliingia kwenye sanduku kwa bahati. Kampuni ya kahawa ilikuwa na mpiga picha, majani mabichi ya kutandaza sakafuni, vikombe, kila kitu, ila mwigizaji wao hakutokea. Demissew alikuwa pale anapima ukubwa. "Mama yangu anamimina kahawa mara tatu kwa siku," alisema, "na bado sijaona tone likianguka pembeni." Wakamfuata kwa gari. Mama Zenebech alikaa kwenye kigoda chake, akamimina kutoka juu bila kutazama kikombe, akamwambia mpiga picha kwamba kahawa yao imekaangwa na mtu mwenye haraka. Hapo alicheka, na cheko hilo ndilo walilolichapisha. Chini yake waliandika: UMEFIKA NYUMBANI.

Yeye mwenyewe hakuliona. Ukumbi wa mizigo huuingii bila kitambulisho. Demissew alimwonyesha kwenye simu, naye akaisogeza mbali na macho, akaguna. "Mmeniwasha kama madhabahu," alisema. "Nani analipa umeme?"

Picha hiyo hiyo alimtumia Emebet. Tangu siku ile Emebet alikuwa na ombi moja tu: akitua, asimame chini ya mama apigwe picha.

"Zima," alisema Gashe Wubshet juzi, kwenye kikao cha familia. "Atasimama pale anacheka mbele ya marehemu, na sisi tunajua? Kesho yake tukimwambia, cheko lile atalipeleka wapi? Zima kabisa. Mwambie limeharibika. Mchukue kwenye mkanda, mlete mlangoni, mengine tuachie sisi."

Saa mbili Nardos alipita ukumbini na karatasi zake. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, msimamizi wa mabango yote ya uwanja, na siku ya mazishi alitembea na viatu vya kisigino kwenye tope la makaburini mpaka mwisho. Demissew alishuka kwenye ngazi.

"Nataka kulizima hili saa nne."

Nardos alijua mara moja kwamba ni kwa ajili ya dada yake. "Gashe Demissew, niombe kitu kingine chochote."

"Sina kingine."

"Leo mkaguzi wa kampuni ya kahawa anakuja kupiga picha masanduku yao yote. Yote sita, yanawaka. Akikuta moja giza, mkataba hawauongezi, na mimi na wewe tutakutana nje ya geti."

"Anakuja saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Basi akishapita."

Nardos alitazama picha, akatazama karatasi zake. "Akishapita, zima. Sema ni nyaya. Nusu saa mimi sijaona kitu. Ikizidi, wenye uwanja watanipigia."

Ufunguo wa kijimlango cha swichi aliutia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, ili asiupapase akiutaka. Kisha akauzunguka ukumbi, mtu mmoja mmoja: wafagiaji, walinzi, binti wa duka la laini za simu, mzee wa dawati la mizigo iliyopotea. Aliwaambia wote jambo moja. "Leo msiniambie pole. Dada yangu hajui."

Wa mwisho alikuwa Habtu, msukuma toroli.

"Kaka," Habtu alisema, "mimi nabeba mizigo ya watu mwaka wa kumi na tano, na sijafungua hata mmoja. Huu ndio utanishinda?" Akamkagua usoni. "Ila huyo kinyozi umemshitaki? Umekuwa kama yai la kuchemsha."

Ilikuwa mara ya kwanza Demissew kucheka tangu mazishi, na cheko lilimuuma kwenye ngozi iliyonyolewa.

Saa tatu na nusu ilifika bila mkaguzi. Ikawa na dakika arobaini. Demissew alisimama kando ya sanduku, vidole kwenye mfuko wa shati, macho yakienda kwenye ubao wa ndege na kurudi kwenye mlango. Kwenye ubao ndege ya Emebet ilikuwa bado angani. Aliangalia chini kufunga kamba ya kiatu. Alipoinua kichwa, ilikuwa imeandikwa IMETUA. Upepo umeisukuma huko juu, imewahi dakika ishirini.

Na mkaguzi ndipo akaingia, kijana mwenye suti ya kijivu, anatembea kama mtu aliyekunywa kahawa akamaliza na kikombe cha pili. Alikunjua kamera yake ya miguu mitatu, akaipima kushoto, akaipima kulia.

"Kuna mkunjo," alisema.

"Wapi?"

"Pale, karibu na sikio la huyo mama. Kwenye picha utaonekana."

Ulikuwepo kweli, mdogo kama ukucha. Kila asubuhi alikuwa anapangusa uso wa mama na mkunjo ule hakuuona. Demissew aliegesha ngazi, akapanda, akaanza kuusukuma mpira kwa dole gumba, kutoka pembeni kwenda katikati. Nyuma yake mkanda wa tatu uliguna, ukaanza kuzunguka. Sauti za abiria zikaingia ukumbini. Hakugeuka. Alisukuma, akasukuma, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea shavu la mama, lenye joto la taa.

"Demisye! Shuka hapo nikuone!"

Alishuka. Hakujua ameshukaje. Emebet alimrukia na mkoba begani na koti la baridi mkononi, akambusu shavu hili, shavu lile, mara nne, akamsukuma nyuma amtazame.

"Umekonda wewe. Na ndevu zako? Nani amekunyonyoa hivi?"

"Kinyozi mpya."

"Usirudi kwake." Hapo macho yake yakapanda ukutani. Mdomo ukafunguka. "Hee! Mama! Amekuwa mkubwa kuliko dirisha letu lote!"

Alicheka kwa sauti, na ukumbi mzima ulisikia. Wafagiaji waligeuza migongo. Mlinzi alianza kusoma tangazo la vitu vilivyokatazwa, ambalo amesimama mbele yake miaka sita. Binti wa laini za simu aliinama chini ya meza kama ameangusha kitu, na hakuinuka.

"Nipige," Emebet alisema, akimpa simu. "Mpaka vikombe vionekane."

Demissew aliinua simu. Kwenye kioo chake walikuwa wawili, mdogo mbele na mkubwa nyuma, wote wanacheka cheko moja, na picha ya kwanza ikatoka ukungu. Akapiga ya pili. Ya tatu.

Mkaguzi alisogea, anatabasamu. Yeye hakuambiwa. Alikuwa mtu wa nje, na Demissew hakumkumbuka. "Kumbe ndiye mama yenu? Bosi amempenda sana. Anamtaka tena Jumamosi, na safari hii atalipwa vizuri."

"Atakuja!" Emebet alisema. "Yuko kwenye maji ya baraka, ila kwa kupigwa picha atashuka mlima mbio. Si ndiyo, Demisye? Anarudi lini?"

Demissew alifungua mdomo.

Toroli likampiga mkaguzi kwenye kifundo cha mguu.

"Lo! Samahani, bosi," alisema Habtu. "Gurudumu hili lina kichaa chake. Umeumia? Njoo ukae. Hapana, njoo, suti yenyewe imechafuka." Alimshika kiwiko, akamwondoa huku anaongea bila kupumua, na huku amegeuza shingo akamwita Emebet: "Dada, karibu nyumbani! Mizigo mingapi?"

"Miwili!"

"Na huko kwenu baridi imekuachia masikio yote mawili? Haya, tuisubiri."

Begi la kwanza lilikuja. La pili halikuja. Walisubiri chini ya mwanga wa mama, na Emebet aliongea. Alikuwa amemletea viatu vya manyoya ya kondoo, vya ndani ya nyumba. Alikuwa amemletea mafuta ya kuchua magoti, yale ambayo wazee wa kule anakofanya kazi wanayagombania. Miaka tisa ugenini, alisema, na usiku wa jana kwenye ndege ndio ulikuwa mrefu kuliko yote. Mfagiaji mmoja, mama wa makamo aliyekuwa chama kimoja cha mazishi na Mama Zenebech, alijiziba mdomo na kanga ya kupangusia, akakimbilia chooni.

"Yule ana nini?"

"Jino," Habtu alisema. "Linamtesa tangu Jumatatu. Anaogopa sindano."

Kwa mbali, karibu na nguzo, Nardos alimpa Demissew ishara ya kichwa. Mkaguzi amemaliza. Sasa.

Ufunguo ulikuwa tayari kwenye vidole vyake. Kijimlango cha swichi kilikuwa hatua tatu. Emebet alikuwa ameinua uso, mwanga umemjaa kwenye mashavu. Demissew ndiye aliyemfumba mama macho siku ile, kwa vidole viwili, na bado alikuwa anausikia ule wepesi wa kope. Aliurudisha ufunguo mfukoni.

Begi la pili likatokea. Alilivuta kwa nguvu kuliko lilivyohitaji.

"Twende," alisema. "Wanakungoja."

"Unanisukuma kama mbuzi wa sokoni."

"Gashe Wubshet amesimama tangu saa tatu."

Walilifuata toroli hadi kwenye mlango wa kioo. Hatua thelathini. Demissew alizihesabu. Nje ya kioo walikuwepo wote saba, wamesafishwa na kupigwa pasi, mjomba mbele na maua, anapunga mkono kama anafukuza nyuki. Kando yake alisimama shangazi yao, Etiye Alganesh, aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Ndiye aliyekagua nguo za kila mtu asubuhi ile. Mwenyewe alivaa gauni jeupe na mtandio mweupe wenye pindo la dhahabu.

Emebet alisimama.

Demissew alitazama alikotazama, akaona. Siku ya kawaida pindo la mtandio huning'inia chini. Kwenye msiba mtandio hugeuzwa, na pindo hupanda juu likaizunguka shingo. Shangazi alikumbuka rangi. Alikumbuka pasi, hereni, hata manukato. Lakini mikono yake ilikuwa imejitanda kwa namna moja siku kumi na mbili mfululizo, na asubuhi hii ilijitanda hivyo hivyo bila kumuuliza. Dhahabu ilikuwa shingoni.

"Demisye," Emebet alisema. "Etiye amefiwa na nani?"

Aliona macho ya dada yake yakitembea nyuma ya kioo, uso hadi uso. Mjomba. Shangazi. Binamu wawili. Mke wa mjomba. Jirani wa kushoto na mtoto wake. Midomo yake ilisogea kidogo. Alikuwa anahesabu.

"Wote wapo," alisema.

Abiria waliwapita kushoto na kulia. Mmoja alinung'unika kwamba wamezuia njia. Habtu, aliyekuwa nyuma yao, alilishika toroli na kuliweka kama ukuta.

"Lini?"

"Leo siku ya kumi na mbili."

"Aliteseka?"

"Hapana. Alikuwa anapepeta dengu uani. Aliinama tu."

Emebet alivuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Koti lilimponyoka, Demissew akaliokota. Alikuwa tayari kumshika. Alikuwa mmoja tu, na alijua mmoja hatoshi, lakini alitanua mikono hivyo hivyo.

"Usinishike," alisema Emebet. "Ukinishika naanguka. Nani alikuwa aniambie?"

"Gashe Wubshet. Kesho alfajiri, na wazee wa chama."

"Amejiandaa?"

"Juma zima. Usiku namsikia uani anayasema maneno peke yake."

Emebet alimtazama yule mzee nyuma ya kioo, na maua yake, na tabasamu lake lililoanza kuchoka pembeni.

"Basi mwache aniambie yeye."

"Emebet."

"Usiwaambie kitu, Demisye. Leo mimi sijui. Twende."

Mlango wa kioo ukafunguka. Kelele, mikono, maua usoni. Shangazi alikuwa ameganda. Alikuwa ameona yale macho yalikotua, na mkono wake ulikuwa unapanda polepole kuelekea shingoni, unajua utakachokikuta. Emebet aliwahi. Alimkumbatia, akambusu mara nne, na katika kukumbatia huko aliushika mtandio kwa ncha zake mbili, akauvua, akaugeuza hewani, akamrudishia mabegani na pindo la dhahabu likining'inia chini.

"Umevaa haraka leo, Etiye," alisema. "Na upepo huu nao."

Upepo haukuwepo. Shangazi alimng'ang'ania mikono. Gashe Wubshet, ambaye hakuona chochote, alicheka kwa nguvu na kusema msichana amenenepa, Ulaya kuna siagi.

Nyumbani kwa mjomba walimpa shiro, mchuzi wa kunde usio na nyama, kwa kuwa ulikuwa wakati wa mfungo, na mkate wa injera wa asubuhi hiyo. Alikula. Shangazi alimlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, na Emebet alifungua kinywa kila mara. Waliulizana habari za theluji, za mishahara, za majirani waliohama. Mazungumzo yalipofika kwa mama na kurudi kwake kutoka Entoto, ni yeye mwenyewe aliyesema haraka: "Maji ya baraka hayaharakishwi." Demissew alikaa mkabala naye na hakumaliza hata kipande. Jioni simu yake ililia. Nardos alisema kampuni ya kahawa imeongeza mkataba mwaka mzima. Demissew alisema asante, akakata.

Alfajiri walikuja kumi na moja. Walivua viatu uani, wakapanda ngazi kimya, mbao zikilia chini yao. Demissew alikuwa wa mwisho. Gashe Wubshet aligonga.

"Nani?" sauti ya Emebet iliuliza, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

Walipoingia alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, nywele zimefumuliwa, mikono magotini. Kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Mjomba alisogea mbele, akavua kofia, akafungua mdomo, na maneno ya juma zima yakamkimbia. Aliwatazama wazee, akatazama sakafu.

Emebet hakumsaidia na hakumharakisha. Aliinua uso, akamsubiri.

"Mwanangu," Gashe Wubshet alisema hatimaye. "Mama yako."

Ndipo alipopiga kelele, kelele ya siku nzima, na mikono ishirini na miwili ikamwendea, na kando ya barabara milango ya majirani ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine.